Sifuri za Kibokoni

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi, wanafunzi watano wa uzamifu waliketi kuzunguka meza moja wakaichambua makala ya mtu mpaka isibaki na nyama. Ndivyo walivyofunzwa. Profesa Riyadh alikuwa na usemi wake kwamba karatasi haina mjomba: iandikwe na nani, ina kosa mahali, na asiyeliona kosa hilo hajawa mwanasayansi. Chuo chao kilikuwa nyumba ya mawe ya ghorofa mbili nyuma ya Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, iliyokodishwa kwa utafiti wa wadudu waletao maradhi. Jina lake rasmi lilijaza mstari mzima, lakini watu wa mtaa, ambao hawana subira na majina marefu, waliiita Nyumba ya Mbu.

Jumatatu ile ya mwezi wa Mei, mwaka wa tisini na sita, haikuletwa makala ya mgeni. Ililetwa sura ya nne ya tasnifu ya Morgan Kiti, mwenzao kutoka Kaloleni, aliyekuwa atahiniwe baada ya wiki tano. Mwanatumu, mwanamke pekee kati yao, alikuwa amefunga sunna yake ya Jumatatu, na kama kawaida ndiye aliyepewa birika awamiminie wengine chai. Wanaume walikuwa wanne na birika lilikuwa karibu nao, lakini Profesa hupenda kusema mkono wa mwanamke haumwagi. Akamimina, akaketi, akafungua ukurasa wa tisini na mbili. Hapo akakutana na jedwali.

Jedwali lile alilijua. Visima sitini na vinne vya Kibokoni na Ndia Kuu, kila kimoja na namba yake, kina chake, chumvi yake, na idadi ya viluwiluwi wa mbu waliopatikana katika kata kumi za maji. Kisima cha kumi na saba, kina mikono minane, viluwiluwi sifuri: hicho kilikuwa kisima cha mamake. Yeye ndiye aliyezunguka na kata ya bati mwaka mzima, nyumba kwa nyumba, mpaka viatu viwili vikaisha soli. Alipomaliza, Profesa alimwambia kazi ile haina uzito, aiache, aanze upya na mbu waliokaushwa chini ya darubini. Daftari lake likafungiwa kabatini, ofisini kwa Profesa. Kanuni ilisema daftari ni mali ya maabara na halitoki nje ya nyumba, naye akatii.

"Mwanatumu, leo kimya?" Profesa akasema. "Mchambue mwenzako. Usimwonee haya."

"Bado nasoma, Profesa."

Alikuwa amefika ukurasa wa shukrani, ulioambatishwa mwishoni mwa sura. Morgan alimshukuru Mungu, wazazi, wafadhili, na Profesa Riyadh kwa aya nzima. Mwishoni kabisa, baada ya dereva, palikuwa na mstari: *Namshukuru pia Bi Mwanatumu wa Kibokoni kwa msaada wake wa kubisha milango.* Alimtazama Morgan ng'ambo ya meza. Morgan alikuwa ameinama, akichora viduara pembeni mwa karatasi yake.

Kikao kilipokwisha, alimfuata Profesa ofisini.

"Profesa, jedwali la ukurasa wa tisini na mbili ni langu."

Profesa Riyadh alikuwa mtoto wa mji hasa. Mamake, Bi Thureya, aliishi nyumba ya mlango wa nakshi pale Ndia Kuu, na yeye mwenyewe msikitini alikuwa mtu wa safu ya mbele. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati.

"Lako vipi? Kata ni ya nani? Darubini ni ya nani? Daftari ni la nani?"

"Mkono ulikuwa wangu."

"Mkono!" Akacheka kama mtu aliyefurahishwa na mtoto. "Wewe ulikuwa mafunzoni, binti. Wafadhili wataka daktari mmoja mwaka huu, na Morgan yuko tayari. Zamu yako yaja. Tena ningekuwa wewe ningeshukuru, wangapi humu hawatajwi kabisa?" Akavaa miwani. "Ehe, mtahini wa nje yuaja kutoka Nairobi, Profesa Mwikali. Mwambie mamako atukaangie mahamri siku hiyo. Nshamsifia mgeni mahamri ya Bi Mejumaa."

Mwanatumu akasema "Inshallah," akatoka.

*

Bi Mejumaa alikuwa mjane wa miaka kumi na moja na mtu wa watu. Kibokoni nzima ilimjua kwa mahamri yake ya alfajiri na kwa miguu yake: hapana msiba asioketi matangani wala arusi asiyokesha nayo. Kwa heshima hiyo ndipo bintiye aliweza kuingia nyua za watu, mahali ambapo Profesa na uprofesa wake hakuthubutu kutia mguu, kwani visima viko ndani, kwa wanawake. Mji ulimcheka kidogo kwamba mwanawe ana miaka ishirini na tisa na angali akivua wadudu, naye akawajibu kwamba nyumba yake itatoa daktari, waje wacheke siku hiyo.

Magharibi, baada ya kufuturu, Mwanatumu alimweleza kila kitu. Bi Mejumaa alisikiza mpaka mwisho, kisha akaisukuma sahani.

"Riyadh? Riyadh mwana wa Thureya? Mimi nalimbeba mgongoni yule, hajui hata kufunga suruali! Na mahamri yangu yuayataka?"

"Amesema amemsifia mgeni."

"Kubisha milango," Bi Mejumaa akasema polepole, kama anayeonja kitu kichungu. "Basi mimi na wewe ni wabisha milango."

Mwanatumu alikuwa amenakili jedwali kwenye karatasi. Akamsomea mamake, pengine ili aumie vizuri: kisima cha Bi Salha, sifuri; kisima chetu, sifuri; kisima cha Bi Thureya, sifuri.

"Cha Thureya sifuri?"

"Sifuri, mama. Visima arubaini na tisa kati ya sitini na vinne ni sifuri."

Bi Mejumaa akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso.

"We mwanangu, huko chuoni wakufunza nini? Kila nyumba niliyokupeleka, si nalikwenda jana yake kutoa habari? Nikawambia kesho mwanangu yuaja na kata yake kuangalia kisima. Sasa mwanamke gani wa Kibokoni, akisikia mgeni yuaja kuchungulia kisima chake, atakiwacha kichafu? Watu waliteka maji, wakachuja kwa leso, wakasugua kuta. Thureya aliita vibarua wawili!"

"Na chetu?"

"Chetu nalikisafisha mimi kwa mikono yangu. Nikubali mwanangu aandike kwamba mamake ana wadudu?"

"Mbona hukunambia, mama?"

"Hukuniuliza. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa mkononi mwako."

Mwanatumu aliona haya kwanza, haya ya mtu aliyefunzwa miaka mitatu kuona makosa ya wengine akapitwa na lake mwenyewe chini ya paa lake. Kuingia nyumba ya mtu bila kutoa habari ni utovu wa adabu, na adabu ile ndiyo iliyoharibu kazi yote. Halafu haya ikampungua, ikaja furaha. Tasnifu ya Morgan ilijengwa juu ya sifuri zile: ilisema visima vya Mji wa Kale havizai mbu, na pesa za dawa zipelekwe kwingine. Profesa aliipenda sana sentensi hiyo. Alikuwa ameiba samaki, hajui kwamba samaki mwenyewe ameoza.

Mtu mwema angekwenda asubuhi kuwaambia. Angemwambia Morgan angalau, waliyeketi naye benchi moja Jumatatu zote zile. Mwanatumu aliliwaza hilo, akaliweka kando. Wema aliuona haumfai mtu aliyeshukuriwa baada ya dereva. Alitaka Profesa aanguke mbele ya watu, aanguke vibaya, na asukumwe na mkono wake mwenyewe.

Na alijua pa kumshika. Mwaka uliopita jokofu la maabara lilizimika na sampuli za miaka miwili zikaoza. Profesa ndiye aliyeichomoa waya ili achomeke feni yake, na wote walimwona. Lakini aliwakusanya mezani, akafungua daftari la mwanafunzi aliyekuwa zamuni, akamwonyesha mstari ambao hakuujaza, akamfedhehesha mpaka yule kijana akalia. Profesa hakuwahi kubeba kosa. Kosa likimjia hulitafutia daftari la mtu.

"Mama," Mwanatumu akasema, "nataka unipeleke tena nyumba zote. Bila kutoa habari."

"Hilo sitalifanya. Kumwingilia mtu kisimani bila habari ni kumvua nguo."

"Tutakwenda kuwaamkia tu. Kata nitaificha buibuini."

Bi Mejumaa alikuwa mcha Mungu, lakini pia alikuwa mama, na maneno yale ya kubisha milango yalikuwa bado yanamchoma. Asubuhi akatoa buibui lake jeusi la kutokea.

*

Wiki tatu walizunguka. Bi Mejumaa aliketi na wenyeji, akauliza habari za wagonjwa na wasafiri, na Mwanatumu akaomba ruhusa ya kunawa. Uani aliteka kata kumi, akahesabu, akaandika, akarudi sebuleni mikono imelowa. Ilikuwa kazi safi ya sayansi na kazi chafu ya ujirani, na yote mawili aliyajua.

Kwa Bi Salha alikamatwa. Bi Salha alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, shoga wa Bi Mejumaa tangu wakiwa chuo cha Kurani, na alitoka jikoni ghafla na ungo mkononi. Akamwona msichana ameinama juu ya kisima, na majini viluwiluwi wamejaa wanapinda na kupinduka.

"Mwanatumu! Kata hiyo ya nini?"

"Ni ya chuoni, Bi Salha. Naomba radhi."

"Hukutoa habari! Leo ndiyo leo, maji yangu hayajachujwa wiki mbili, mgongo wauma…" Alikuwa amesimama mbele ya kisima, akikifunika kwa upana wake. "Watu wakijua, mwanangu, ntauficha wapi uso huu?"

"Hawatajua. Sisi twafunzwa kwamba jina la mtu halitoki kitabuni. Zatoka hesabu tu."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Bi Salha akasogea, polepole. "Basi teka. Mwana wa Mejumaa ni mwanangu."

Siku ya mwisho walikwenda Ndia Kuu, kwa Bi Thureya. Bibi yule aliwapokea kwa halua na kahawa, akasifu kwamba Riyadh wake sasa yuatoa madaktari kama mkate. Kisima chake kilikuwa na viluwiluwi mia mbili na kumi katika kata kumi. Mwanatumu alihesabu mara mbili, kwa furaha.

Nyumba hamsini na nane aliziwahi. Arubaini na tatu zilikuwa na viluwiluwi. Aliyaandika matokeo kwa wino mweusi kwenye karatasi ya plastiki ya projekta: jina la mwenye nyumba, hesabu ya kwanza, hesabu ya pili. Majina aliyaweka ili asichanganye mistari. Ndivyo alivyojiambia.

*

Siku ya Morgan kutahiniwa, ukumbi wa juu ulijaa. Profesa Mwikali, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliketi mbele na tasnifu iliyojaa vipande vya karatasi. Walikuwapo walimu, wanafunzi, wafadhili wawili, na bwana afya wa manispaa na kitabu chake cha mfukoni. Bi Mejumaa aliketi nyuma karibu na mlango, kapu la mahamri miguuni. Profesa Riyadh alimpungia mkono kama anavyopungiwa mpishi.

Morgan alizungumza vizuri. Alikuwa kijana mwenye akili na hakuhitaji kuiba, na jambo hilo lilimzidishia Mwanatumu hasira badala ya kumpunguzia. Watahini walipomaliza maswali yao, Profesa akauliza, kama desturi, iwapo yupo mwenye swali ukumbini. Alikuwa tayari amefunga jalada.

Mwanatumu akasimama.

"Nina moja. Siku ya kuteka maji, wenye nyumba walipewa habari lini?"

Morgan akatazama karatasi zake. "Habari?"

"Waliambiwa kwamba mtu atakuja kuangalia visima. Waliambiwa siku hiyo hiyo, au kabla?"

"Sidhani kama… Ni swali zuri." Akamgeukia Profesa.

"Nauliza," Mwanatumu akaendelea, na sauti yake mwenyewe aliisikia imetulia mno, "kwa sababu waliambiwa jana yake. Mwenye nyumba Mombasa akiambiwa mgeni yuaja kesho, husafisha. Visima vilichujwa na kusuguliwa. Sifuri zote zile ni za leso, si za mbu."

Watu wakaguna. Bwana afya, ambaye ni mzaliwa wa Kuze, mtaa wa hapo hapo mjini, akaangua kicheko, akakizuia kwa mkono. Profesa Mwikali hakucheka. Alivua kofia ya kalamu.

"Bwana Kiti, ni kweli? Ulikuwapo. Uliona nini?"

Morgan akamgeukia Profesa tena. Alitia huruma. Mwanatumu hakumtazama; alikuwa akimtazama Profesa, na alimwona akifanya jambo alilokuwa akilingoja wiki tano. Profesa Riyadh aliinuka bila haraka, akaenda ofisini kwenye kabati lake, akarudi na daftari la jalada jekundu.

"Tuwe waadilifu," akasema. "Kijana huyu hana kosa. Kosa ni la aliyekusanya maji. Binti huyu anayeuliza ndiye aliyekwenda, na ndiye aliyetoa habari kwa wenye nyumba, jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua ni makosa. Hili hapa daftari lake. Mwandiko wake. Sitini na vinne vyote."

Akaliweka mezani mbele ya mtahini, akaketi, akamtazama Mwanatumu kwa macho ya mshindi.

Profesa Mwikali akafunua ukurasa, na mwingine, na mwingine. Alichukua muda wake.

"Profesa Riyadh," akasema, "tasnifu hii yasema, ukurasa wa nne, kwamba data yote imekusanywa na mwandishi."

"Kwa maana ya maabara…"

"Na kila ukurasa wa daftari hili una sahihi yako na tarehe, miaka miwili iliyopita. Kwa hiyo ulijua ni la nani." Akalifunga. "Basi umetuambia mwenyewe kwamba kazi hii si ya huyu kijana. Sijui nimtahini kwa lipi."

Hapo ndipo pangemtosha Mwanatumu. Angeketi hapo, angekuwa ameshinda na mikono yake misafi. Lakini Profesa alikuwa bado hajaanguka sawasawa. Alikuwa amesimama tena, jasho likimtoka, akipiga meza.

"Haya ni maneno ya wivu! Leso, sijui nini! Aonyeshe nyumba moja. Moja tu! Mimi ni mtoto wa mji huu, najua visima vyetu ni visafi!"

Mwanatumu akaenda kwenye projekta. Aliilaza karatasi yake ya plastiki, akaifunika kwa karatasi nyeupe kama walivyofunzwa, ili mtu aonyeshe mstari mmoja mmoja. Alikusudia mstari wa kwanza tu. Akasogeza karatasi inchi moja, na ukutani ikatokea: *Bi Thureya, Ndia Kuu. Sifuri. 210.*

"Hii ni nyumba moja," akasema. "Ni ya mamako."

Kicheko kikapasuka ukumbini, kikamwingia Mwanatumu kichwani kama kileo. Profesa alipiga kelele kwamba ni uongo, kwamba ni moja tu, kwamba moja si sayansi. Ndipo Mwanatumu akaivuta karatasi nyeupe yote, akaitupa chini.

Majina hamsini na nane yakajaa ukutani. Bi Salha alikuwa mstari wa tisa. Bwana afya aliacha kucheka, akatoa kitabu chake cha mfukoni, akaanza kunakili. Bi Mejumaa hakujua Kiingereza, lakini majina ni majina, na aliyasoma moja baada ya jingine, midomo ikimcheza. Alipofika chini aliinuka. Kapu aliliacha pale pale lilipokuwa, akatoka, na Mwanatumu hakuona, kwa sababu wakati ule alikuwa akimtazama Profesa Riyadh akiketi.

*

Profesa alivuliwa usimamizi kabla ya mwezi kuisha. Mwanatumu hakumwonea huruma hata chembe, wala hajamwonea mpaka leo. Aliyafurahia maanguko yake kama mtu anavyofurahia kivuli, na akisikia kwamba siku hizi anaswali safu ya nyuma, roho yake hutulia.

Morgan alikutana na Mwanatumu Feri, akiwa na sanduku la bati, anavuka kwenda kufundisha shule ya sekondari upande wa Likoni. Walisimama kando ya wauza njugu.

"Ungeniuliza," Morgan akasema. "Aliniambia umekubali. Aliniambia waolewa, waacha masomo."

"Na wewe ungeniuliza."

Morgan akafikiri. "Kweli," akasema. "Ningekuuliza." Kengele ya feri ikalia, akainua sanduku lake, wakaagana bila kupeana mikono.

Lakini mambo ya Kibokoni hayakuwa na feri ya kuyavusha. Bwana afya alikuja na watu wanne na ndoo ya rangi nyekundu. Walikwenda kwa orodha. Waliingia nyua ambazo mwanaume wa kando hajaziingia tangu zijengwe, wakatia mafuta visimani, wakapiga alama nyekundu milangoni. Kisima cha Bi Salha walikipigilia mbao mchana kweupe, watoto wa shule wakitazama, na mwenyewe alijifungia chumbani mpaka wakaondoka. Bi Thureya alihamia kwa ndugu yake Malindi.

Hakuna aliyemtukana Bi Mejumaa. Ingekuwa nafuu. Alfajiri ya kwanza zilikuja sahani tatu za kununulia mahamri badala ya thelathini, na ya pili haikuja hata moja. Palipofiwa nyumba ya tatu, alikwenda matangani kama desturi, na wanawake wakajisogeza mbali naye, kila mmoja kidogo, mpaka akajikuta amekaa jamvini peke yake. Alirudi, akavua buibui, akalikunja.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema. "Lakini wewe ulichimba, nikaingia mimi."

Mwanatumu alitamani aseme kwamba ilikuwa kwa ajili ya Profesa, na alijua kwamba mamake analijua hilo na ndilo linalomuuma.

Profesa Mwikali alimwita mara moja, katika ofisi ile ile ya kabati. Alikuwa amekubali kumsimamia yeye mwenyewe.

"Ugunduzi wako ni mzuri kuliko tasnifu yoyote niliyosoma mwaka huu," akamwambia. "Adabu ya mgeni kuharibu hesabu, hilo halijaandikwa. Lakini ulifunua majina ya watu waliokuamini, na ulichukua maji kwa kuwaibia. Nimeliandika hilo pia, liko faili moja na kosa la Profesa Riyadh. Hesabu zako za pili siwezi kuzipokea. Mafuta ya manispaa yakiisha nguvu na mbao zikitolewa, rudi nyumba hizo, omba ruhusa ya kila mwenye nyumba kwa mdomo wake, uzipime upya. Nakupa miezi sita. Ukikosa visima, huna shahada."

"Nikiwaomba wakikataa?"

"Basi watakuwa wamekataa."

*

"Nipeleke, mama," Mwanatumu akasema. Alipiga magoti kabisa, jambo ambalo hajalifanya tangu alipokuwa mdogo. "Mara ya mwisho."

Bi Mejumaa alikuwa akichambua mchele, mchele mchache wa watu wawili.

"Mara ya kwanza nalikupeleka kwa heshima yangu. Mara ya pili nikakupeleka kwa hasira zako, na zangu. Sasa sina cha kukupelekea. Nenda mwenyewe."

Mwanatumu akatoka peke yake, kata mkononi, wazi, kila mtu aione. Alianza na mlango wa jirani. Alama nyekundu ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga na sabuni, ikabaki waridi. Akagonga.

"Hodi!"

Ndani, sauti za wanawake waliokuwa wakizungumza zikakatika. Dirisha la juu likafunguka kidogo.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Bi Salha.

"Ni mimi, Bi Salha. Nimekuja kuomba radhi, na kuomba ruhusa. Ni Mwanatumu, Mwanatumu wa Mejumaa."

Halafu Bi Salha, aliyesoma juzuu moja na mamake, aliyemkata kitovu Mwanatumu mwenyewe, akajibu kwa sauti ya upole, kama amjibuye mpita njia aliyepotea:

"Mejumaa simjui."

Dirisha likafungwa. Mwanatumu alibaki amesimama, kata inaning'inia mkononi. Alipogeuka, mamake alikuwa nyuma yake, hatua tatu hivi, buibui amelivaa upesi upesi na ushungi haujakaa sawa. Alikuwa amefika kitambo. Alikuwa amesikia.

Bi Mejumaa alilitazama dirisha lile mpaka akatosheka. Kisha akaurekebisha ushungi, akaichukua kata mkononi mwa bintiye.

"Haya," akasema. "Twende nyumba ya pili."